Niliomba miaka miwili mlio utoke masikioni. Bado upo, na usiku nalala

Fundi Grinda (mleta uzi)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Grinda na mashine ya kuchomelea nimezishika zaidi ya miaka ishirini. Macho nilikuwa nayalinda, kwa sababu jicho halina siri: likipigwa na ule mwanga, usiku wake unalala kama mtu aliyemwagiwa mchanga, na kesho yake hutasahau kuvaa kinga. Sikio ni pole mno. Ukimaliza kukata chuma linavuma kidogo, unakwenda kulala, asubuhi limenyamaza, unajiona mzima. Miaka ikapita hivyo.

Alfajiri moja niliamka nikasikia mlio. Mwembamba, wa juu, haupumui. Nikajua ni friji. Nikainuka, nikaichomoa kwenye umeme. Mlio upo. Nikazima swichi kuu ya nyumba nzima. Upo. Nikatoka nje na kandambili moja mguuni, nikasimama gizani nikiusikiliza ukuta wa nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Mwishowe nikaziba masikio kwa vidole nikitegemea utapungua. Ukapanda. Hapo ndipo magoti yaliponiisha nguvu, maana nilielewa kwamba kile kitu hakiko nje.

Daktari alinipima akanieleza taratibu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Kuku na ndege wengine wakiharibikiwa chembe hizo, zinaota upya. Za binadamu zikifa zimekufa. Ubongo ukizikosa zile sauti uliozoea kuletewa, huenda ndio unaojitungia ya kwake. Akanishauri nisilale kwenye kimya kabisa, niwashe hata feni. Dawa ya kuuzima hakuna, alisema, ila watu wengi huuzoea. Hilo neno "huuzoea" lilinichukiza kuliko ugonjwa wenyewe. Nilitoka pale nimeapa moyoni kwamba mimi sitauzoea.

Basi nikaenda kwa Mungu. Nitakuwa mkweli kuhusu maombi yangu ya miaka ile miwili: niliomba kama mtu anayedai deni lililochelewa. Nilifunga. Nilikesha. Niliwekewa mikono na watu wenye imani kunishinda. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata hakuyaomba. Na kila niliposema "Amina" nilifanya jambo moja ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu: nilibana pumzi, nikatega sikio. Umeondoka? Haujaondoka. Haya, tunaanza upya.

Yaani sala yangu yote ilikuwa ukaguzi.

Mwaka wa pili ukielekea kuisha nilichoka. Sizungumzii uchovu wa kiroho wa kupendeza, nazungumzia ule wa mtu aliyepoteza usingizi na sasa anapoteza wateja. Usiku mmoja nilikaa ukingoni mwa kitanda, kupiga magoti sikuweza. Nikasema, "Mlio upo. Naogopa. Nimechoka." Nikaishia hapo, sikuwa na lingine. Nikakaa nimeiangalia miguu yangu, kucha za fundi hizi mnazozijua, nyeusi pembeni. Sikusikia sauti wala sikuona maono. Nikalala.

Asubuhi ndiyo nikagundua kwamba usiku ule sikutega sikio baada ya Amina.

Tangu hapo nasali mara mbili kwa siku, alfajiri na kabla ya kulala, palepale ukingoni, kama dakika kumi. Naanza kwa kutaja kilichopo, hata kama ni kibaya, hata kama ni kwamba leo sijisikii kusali. Kisha naomba. Ndiyo, bado naomba uondoke, sijaacha. Kisha namalizia na maneno niliyoyasema tangu utotoni bila kuyasikia: mapenzi yako yatimizwe.

Kuna kitu nilikuwa nakipita kila nikisoma habari za Getsemane, Mathayo 26. Yesu alianza kwa kuomba kikombe kimwepuke. Akarudia mara tatu. Aliomba kwanza, tena kwa huzuni nyingi, na kule kukubali kukaja ndani ya kuomba kwenyewe. Mimi nilikuwa nimefundishwa, au labda nilijifundisha, kwamba mwenye imani anachagua moja: ama unaomba hadi upewe, ama unakubali na kunyamaza. Na Paulo naye, kwenye Wakorintho wa pili sura ya 12, aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini. Haukutoka. Sijawahi kusikia mahubiri marefu juu ya maombi yake hayo kutojibiwa alivyotaka.

Neno lenyewe linatuchanganya. Unaweza kukubali posa, na unaweza kukubali kosa. La kwanza unalitaka, la pili unakiri tu kwamba limetokea. Nilidhani Mungu anataka niukubali mlio kama posa. Kumbe nilichohitaji ni kukiri tu kwamba upo, kama mtu anayechungulia dirishani akasema mvua inanyesha. Hajaipenda. Anatafuta mwavuli.

Nani mwingine humu amepita njia hii? Iwe ni msiba, ugonjwa, ndoa, mtoto. Nataka kusikia.

Kiti cha Nyuma

Naweka kambi hapa. Nitarudi nikimaliza kusoma mara ya pili.

Binti Alfajiri

Kaka Fundi, amani iwe juu yako. Mimi ni Muislamu na uzi wako nimeusoma nikiwa nimekaa juu ya msala, sijainuka hata sasa.

Umezungumzia Getsemane, mimi nikukumbushe Nabii Yaqub. Alipoletewa kanzu ya Yusuf ina damu, alisema subira njema. Wengi wetu tunaishia hapo, tunamwambia mfiwa "subiri dada, subira njema", tunaondoka. Lakini sura ileile ya Yusuf, mbele kidogo, inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Na wanawe walipomlaumu, alijibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mtu mwenye subira njema alilia hadi macho yakaharibika, na hakuna aliyemvua unabii kwa hilo.

Nilifiwa na mume. Sitaeleza. Nitaeleza kilichonibeba, na kitawashangaza wanaofikiri sala ni hisia. Kwa miezi mingi sikuwa na ladha yoyote ya ibada. Ila swala tano zina saa zake, haziniulizi najisikiaje. Faradhi ni rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili. Mara 34 kwa siku paji la uso wangu lilikuwa chini, nitake nisitake. Msala wangu una uzi mmoja uliochomoka, palepale paji linapogusa. Mwanzoni nilikuwa naushughulikia huo uzi tu, naukunja kwa ncha ya kidole nikiwa sijidani, akili haipo. Nikawa naona haya: nimekuja mbele ya Mola kucheza na uzi. Siku moja nikiwa nimesujudu, nikasema kwa lugha yangu, si Kiarabu, "Nimemkosa." Machozi yakaingia kwenye uzi ule ule.

Moyo ulikuja nyuma ya mwili. Mwili ulitangulia kwa miezi kadhaa ukiwa peke yake, na nashukuru haukumsubiri mwenzake.

Kiti cha Nyuma

Dada, hiyo ya mwili kutangulia nimeiandika kwenye karatasi.

Nionyeshe Ushahidi

Wakuu, sikuja kuharibu. Nasoma kwa heshima. Lakini uzi bila mtu wa kuuliza unakuwa ibada, na hapa si mahali pake.

Sala imeshapimwa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa Marekani, wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Wengine waliombewa, wengine hawakuombewa. Kuombewa hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Na kundi la walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa ndilo lililokuwa na matatizo zaidi, asilimia 59, wakati kwa walioombewa bila kuwa na hakika ilikuwa 52. Aliyeuongoza ni Herbert Benson, daktari ambaye hakuwa adui wa dini hata kidogo.

Halafu hiki alichokieleza Fundi kina maelezo yasiyohitaji mbingu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Kisha alipowaruhusu wamfikirie, waliokuwa wamezuiwa walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukitaka kuhakikisha jambo halipo kichwani, lazima uliangalie, na ukiliangalia umeliita. Kule kubana pumzi baada ya Amina ndiyo kengele yako, mkuu. Ulipoacha kukagua, ubongo ukapata nafasi ya kuuweka mlio nyuma. Daktari wako alisema watu huuzoea. Umeuzoea. Mungu ameingiaje hapo?

Fundi Grinda

Nionyeshe, nimecheka kwa sauti niliposoma habari ya dubu. Miaka miwili nilikuwa nafuga dubu mweupe kwa jina la Yesu.

Nakubaliana nawe pakubwa. Inawezekana kabisa ningeuzoea hata bila kusali. Sina fundi wa pili aliye mimi, asiyesali, wa kulinganisha naye. Huo utafiti wa moyo nao haunisumbui kama unavyodhani. Ulipima kama maombi ya watu wasiomjua mgonjwa yanageuza matokeo ya upasuaji. Hiyo ndiyo sala niliyoisali mimi miaka miwili, sala ya kubonyeza kitufe, na naweza kukupa matokeo yangu bila hospitali sita.

Ila nikujibu swali la Mungu ameingiaje. Nilipokaa pale ukingoni nikasema naogopa, nilikuwa nasema na mtu. Mke wangu nilimficha woga kwa sababu ananitegemea, mafundi wenzangu nikawaficha kwa sababu wangenicheka, daktari akawa na foleni. Kukiri kunahitaji wa kumkiria. Unaweza kusema huyo msikilizaji nimemtunga kama ubongo ulivyotunga mlio. Sitaweza kukushinda kwa hoja. Mimi na wewe tofauti yetu ni kwamba mlio ningeuacha leo, huyu msikilizaji nisingemwacha.

Nionyeshe Ushahidi

Haki yako. Hilo la mwisho sina jibu lake na sitalitafuta.

Niongeze moja la kukusaidia, msije mkasema naleta ya upande mmoja. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti wa Bernardi na wenzake: watu walisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kupokezana kama kawaida yake, na upumuaji wao ukashuka hadi karibu mara sita kwa dakika, mwendo ambao unaufaa moyo na shinikizo la damu. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Waliofanya mantra za yoga walipata vilevile. Kwa hiyo maneno yanayorudiwa yanafanya kazi mwilini, uamini usiamini.

Binti Alfajiri

Bibi yangu alikuwa na tasbihi, hakuwahi kumsikia Bernardi, na alikuwa mtu mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona. Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34, kila usiku. Ukimuuliza kwa nini hakasiriki, anasema "nimechelewa kuhesabu."

Kimya Kirefu

Naomba niulize na tafadhali msinicheke. Mume wangu ananipiga. Si kila siku. Nilikwenda kwa viongozi wangu wa dini nikaambiwa niombe na nikubali msalaba wangu, amani itakuja. Nimeomba miaka minne. Nimesoma uzi huu nikajiuliza labda kosa langu ni kwamba sikukubali vizuri.

Fundi Grinda

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako nimesimama. Hapana. Hapana kabisa.

Mlio wangu ni chembe zilizokufa. Hakuna mtu anayeamua kila jioni kunipigia filimbi sikioni. Mume wako anaamua. Kuna cha kukiri hapo, ndiyo, na ni kizito: kwamba mtu unayempenda anakuumiza na kwamba miaka minne ya maombi haijamzuia mkono. Ukishalikiri hilo, hatua inayofuata ni kutoka mahali unapopigwa. Kama una ndugu unayemwamini, mpigie leo, yeye akiwa hayupo nyumbani. Kama umeumia, nenda hospitali na uwaambie ukweli wakuandikie. Polisi wapo, na kuna watu ambao kazi yao ni kuwasaidia wanawake walio katika hali yako. Ukisali, sali njiani.

Na nisamehe kwa kuandika kwa namna iliyokufanya udhani kosa ni lako. Nilipaswa kuliweka hili tangu juu.

Binti Alfajiri

Dada Kimya, namuunga mkono kaka Fundi kwa kila neno. Kwetu kuna hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Wewe umeshategemea miaka minne, dada. Sasa funga ngamia. Nitumie ujumbe wa pembeni, tafadhali.

Leo Tu

Nimekuwa nikizunguka uzi huu tangu jana. Mimi ni mlevi. Nasema "ni" makusudi, ingawa sijagusa glasi muda mrefu sasa, kwa sababu kwenye vikao vyetu tunajitambulisha hivyo.

Chama chetu cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilianza mwaka 1935 Marekani na sala moja fupi imekaa humo hadi leo. Wengi wanasema aliyeitunga ni mchungaji na mwanateolojia Reinhold Niebuhr. Kwa Kiswahili tunaisema hivi: Mungu nipe utulivu wa kuyakubali nisiyoweza kuyabadilisha, ujasiri wa kuyabadilisha ninayoweza, na hekima ya kujua tofauti yake.

Watu wanaipenda ile ya kwanza, wanaibandika ukutani. Dada Kimya ameambiwa aisali ile ya kwanza tu, ya pili wakamficha. Mimi nilifanya kinyume: nilijaribu kubadilisha kila mtu nyumbani ili nisihitaji kunywa. Mke angenyamaza, watoto wangefaulu, bosi angenipandisha, basi mimi ningeacha. Glasi, ambayo ndiyo peke yake ilikuwa mkononi mwangu, sikuigusa kwa maombi.

Ile ya tatu ndiyo kazi ya kila siku. Haipatikani mara moja ukaweka kabatini. Asubuhi nakaa na daftari, nachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja yaliyo juu yangu, upande mwingine yasiyo juu yangu, halafu naomba juu ya daftari likiwa wazi. Kuna siku neno linahama upande. Mwanangu wa kwanza haongei nami. Mwaka mzima nilimwandika kulia, hayuko juu yangu. Juzi nikasali, nikatazama, nikafuta nikaandika kushoto "barua". Kujibu kwake kumebaki kulia.

Kiti cha Nyuma

Umeandika barua?

Leo Tu

Nimeandika mistari mitatu. Nimeituma.

Mwanafunzi wa Pili

Wakuu nondo nzito. Mimi shida yangu ni ndogo mbele ya zenu ila naomba msaada. Nikianza kusali akili inaruka. Dakika ya pili nipo kwenye madeni, ya tatu nipo kwenye simu. Siku tatu nakata tamaa naacha, mwezi unaofuata naanza tena kwa kishindo, asubuhi na usiku, naanguka tena.

Fundi Grinda

Mdogo wangu, chuma kigumu kikikunjwa kwa nguvu mara moja kinaweza kuvunjika, hilo unalijua hata kama si fundi. Anza na dakika tano. Mahali palepale, saa ileile, na pawe mahali ambapo ungefika hata bila sala. Mimi kitandani nafika tu, ndiyo maana palinifaa.

Akili ikiruka, usiipige. Iulize imekwenda wapi, kisha litaje hilo mbele za Mungu. Umekwenda kwenye madeni? Basi sala ya leo ni madeni, na huko ndiko moyo wako ulikokuwa tangu mwanzo, ulikuwa unajaribu kusali pengine. Hilo nalitumia kila siku. Kuna alfajiri ambayo sala yangu yote imekuwa geti la mteja nililolikosea vipimo.

Simu ilale chumba kingine. Hapo sina falsafa.

Na usijipime kwa amani uliyoipata. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili za mwanzo: nilipoacha kukagua mlio nikaanza kukagua utulivu. "Nimetulia? Sijatulia." Dubu yuleyule, amebadilisha koti. Daudi, mtoto wake alipougua, alifunga na kulala chini siku saba. Siku ya saba mtoto akafa, watumishi wakaogopa kumwambia. Alipojua, aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaingia kusali, akarudi akaomba chakula. Watu wake walishangaa kweli. Ipo kwenye Samweli wa pili, sura ya 12. Ninachokipenda ni kwamba hakuna mahali pameandikwa alijisikiaje wakati anaoga. Alioga tu.

Nionyeshe Ushahidi

Swali langu la mwisho kisha nanyamaza. Mtu anayesali na kukubali, halafu huzuni haiondoki wiki, mwezi, hali chakula, hataki kuishi. Naye mtamwambia dakika tano ukingoni mwa kitanda?

Binti Alfajiri

Huyo aende kwa daktari na aende na mtu. Nilikwenda. Nilitumia dawa mwaka mzima huku naswali tano zangu, na hakuna kilichogombana na kingine. Ningependa mtu angeniambia mapema kwamba inaruhusiwa.

Leo Tu

Mimi pia. Nilipoacha pombe ghafla mwili ulitetemeka hadi nikalazwa. Kuacha ghafla kwa mlevi wa siku nyingi kunaweza kuua, asijaribu mtu nyumbani kwa maombi peke yake.

Kimya Kirefu

Nipo kwa dada yangu. Asanteni. Sitaandika zaidi kwa sasa.

Fundi Grinda

Mungu akulinde. Hatuulizi kitu.

Fundi Grinda (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Wakuu, kuna waliouliza pembeni kama nimepona. Sijapona. Nilichoongeza ni kinga za masikio pale karakana, na kijana niliye naye sasa haruhusiwi kuwasha grinda bila kuzivaa. Analalamika zinamfanya aonekane rubani. Avae hivyohivyo.

Juzi usiku umeme ulikatika. Feni ikasimama, na nyumba ikawa na kile kimya nilichokuwa nakikimbia miaka yote hii. Alfajiri nikakaa ukingoni kama kawaida. Nilikuwa na mengi: kijana na kinga zake, yule dada, geti la mteja, mwana wa Leo Tu, mama yangu na magoti yake. Nikasema Amina, nikaanza kutafuta kandambili kwa mguu.

Mke wangu akauliza kutoka upande wake wa kitanda, sauti ya usingizi, "Leo mlio unalia sana, eh? Feni haipo."

Nikamwambia ngoja nisikilize.

Nikasikiliza. Nikamwambia ndiyo, upo. Kandambili ya pili ilikuwa chini ya kitanda, nikaivuta, nikatoka.